Piriton, setirizini, predi au adrenalini? Korosho, jodari na mafuta ya ganda havitaki dawa moja

Msimu wa korosho ukishaanza huku kwetu, kuanzia Oktoba hivi, dukani wanakuja watu wa kila aina na wote wanasema neno lilelile, nipe dawa ya aleji. Mmoja mikono imebabuka toka abangue korosho juzi, mwingine kala jodari mchana sasa uso mwekundu kichwa kinagonga, mwingine ni mama kabeba mtoto midomo imevimba, kala kashata ya korosho. Na wote watatu wanataka Piriton, maana ndo jina linalojulikana kuanzia Mtwara mjini mpaka Newala na Tandahimba. Mimi nauza dawa, nimesomea, na kila mara nikimpa mtu Piriton bila kumuuliza kapatwa na nini najisikia vibaya, kwa sababu hao watatu wana matatizo matatu tofauti kabisa, na mmoja wao anaweza kufa akiwa na kidonge tumboni.

Nasema hivo nikiwa na mtoto wa dada yangu kichwani. Alikuwa na miaka sita, tupo kwenye shughuli Mikindani, kapewa kashata, hazijapita dakika kumi anajikuna shingo, mdomo wa juu umetuna. Bibi yake kampa Piriton, sote tukaona sawa, vipele vikaanza hata kupungua kidogo. Baadae akatapika, akaanza kukohoa kikohozi kile cha kubana, sauti ikawa nzito, akasema mamdogo nasikia koo dogo. Shemeji akamrusha kwenye bajaji. Hospitali nesi hakuuliza mengi, alimchoma adrenalini pajani, na ndani ya dakika chache mtoto anapumua anaomba maji. Nikawa najiuliza usiku mzima, ile Piriton ilikuwa inafanya nini muda wote ule? Jibu lake ndo hili ninaloandika, na ni refu kidogo, lakini ukilielewa hutachanganya tena dawa hizi nne.

Anza na seli yenyewe. Inaitwa seli masti. Mjerumani Paul Ehrlich alizipa jina hilo mwaka 1878 kwenye kazi yake ya chuo, aliziona zimejaa punje punje akadhani zimelishwa zikashiba, na neno lenyewe kwa Kijerumani linahusu kunenepesha mifugo. Zinakaa chini ya ngozi, puani, kwenye njia za hewa, kwenye utumbo, yani kule kote mwili unakokutana na vitu vya nje. Zile punje sio chakula. Ni magunia, na ndani yake kuna histamini, ile kemikali inayoleta muwasho na uvimbe, kuna heparini, kuna tripteisi. Yameshashonwa yamepangwa yanasubiri amri tu.

Sasa sisi watu wa korosho tunajua ghala linavyofanya kazi. Gunia halitoki kwa sababu mtu kapiga kelele nje, linatoka karatasi ikishapita kwa makarani imegongwa mihuri. Ndani ya seli masti ni hivohivo na makarani wenyewe ni vimeng'enya, yani enzaimu.

Nje ya seli kuna kingamwili inaitwa IgE, ambayo Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko waliitambua mwaka 1966. Mara ya kwanza mtoto anapokutana na korosho hamna kinachoonekana, mwili unatengeneza tu IgE inayoijua protini ya korosho, inaenda kukaa juu ya vipokezi vya seli masti. Ile inayoelea kwenye damu ndani ya siku mbili tatu nusu yake imeshaondoka, lakini hii iliyokaa juu ya seli inadumu wiki kadhaa. Ndo maana mtu anakwambia mbona juzi nilikula sikudhurika. Siku ingine akila, protini moja ya korosho inashikwa na IgE mbili zilizo jirani kwa mpigo, vipokezi vinavutwa pamoja, na hapo karani wa kwanza anaamka.

Karani wa kwanza anaitwa Lyn. Anagonga muhuri kwenye mkia wa kipokezi upande wa ndani, na muhuri ni kipande cha fosfeti, hamna zaidi ya hapo. Vimeng'enya vya kazi hii vyote vinaitwa kinesi. Muhuri wa Lyn unamwita Syk, na Syk ndo karani mkuu, bila yeye ghala halifunguki hata IgE zivutane vipi. Syk akishakaa anagonga mihuri kwa wengine, na mnyororo unafika kwa kimeng'enya kinachoitwa fosfolipesi C gamma, ambacho kwenye kazi yake kinasaidiwa na kinesi ingine, BTK. Fosfolipesi yeye hagongi muhuri, anakata. Anakata aina fulani ya mafuta ya ukuta wa seli vikatoka vipande viwili, kimoja kinaenda kufungua akiba ya kalsiamu iliyopo ndani ya seli, kingine kinaamsha kinesi C. Akiba ya ndani ikipungua milango ya nje nayo inafunguka, kalsiamu inaingia kwa wingi, na magunia yanasogea mpaka ukutani yanamwagwa nje. Kuanzia protini kushikwa mpaka hapo ni dakika.

Kuna makarani wa upande wa pili pia, ambao watu huwa hawawataji, wanaofuta mihuri. Wanaitwa fosfatesi, kama SHP-1. Kuna na SHIP-1, huyu anatoa fosfeti kwenye mafuta ya ukuta badala ya kwenye protini. Kazi yao ni kuzima. Seli masti ya mtu yeyote ni vuta nikuvute kati ya wanaogonga na wanaofuta.

Halafu mambo hayaishii kwenye magunia, na hapa ndo pa kuweka akili kabla ya kuchagua dawa. Kalsiamu ileile inaamsha fosfolipesi A2, inang'oa asidi ya arakidoniki kutoka kwenye ukuta wa seli. Kutoka hapo kuna njia mbili. Kimeng'enya kinachoitwa saikloksijenesi, COX kwa kifupi, kinaipeleka kuwa prostaglandini. Kingine, lipoksijenesi 5, kinaipeleka kuwa lukotrini, na lukotrini zinabana mirija ya hewa kuliko histamini, zinabana na kukaa. Msweden Bengt Samuelsson alikuwa mmoja wa waliopewa Nobel mwaka 1982 kwa kazi ya hivi vitu. Na wakati huohuo mihuri mingine imeshafika kwenye kiini cha seli inaagiza saitokini zitengenezwe, hizo zinatoka baada ya masaa, zinaita seli zingine kama eosinofili, ndo unakuta mtu alipata nafuu saa sita mchana jioni amebanwa tena.

Kwa hiyo mawimbi ni matatu. Magunia yaliyokuwa tayari, mafuta yanayogeuzwa palepale, na oda inayokuja baadae.

Sasa dawa.

Piriton na setirizini

Hizi mbili ni ukoo mmoja, antihistamini, na zote mbili hazigusi karani hata mmoja. Lyn anagonga, Syk anagonga, kalsiamu inaingia, magunia yanamwagwa. Dawa inasubiri nje mwisho kabisa, kwenye vipokezi vya histamini vya aina ya H1 vilivyopo kwenye mishipa ya damu na neva, inavizuia histamini isivitumie. Kwa hiyo muwasho unapungua, mabaka yanapungua, pua inakauka. Lukotrini haziguswi. Presha inayoshuka haipandi. Koo linalovimba halifunguki kwa kutegemewa. Ndo maana mtoto wetu vipele vilipungua huku kifua kinabana, Piriton ilifanya kazi yake yote na kazi yake haikutosha.

Kati ya hizi mbili, mimi mtu akiniuliza kwa ajili ya vipele vya kawaida, mafua ya vumbi, macho kuwasha, nasema setirizini. Kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku kwa mtu mzima. Piriton ya miligramu 4 unatakiwa urudie kila masaa manne mpaka sita, na inaingia kwenye ubongo, unasinzia, na usingizi wenyewe hauishi asubuhi. Dereva wa bodaboda, mtu wa mashine, fundi anayepanda juu, mwanafunzi mwenye mtihani, hawa wote Piriton sio yao. Wazee ndo kabisa, maana Piriton inakausha mdomo, inachanganya akili, na mzee mwenye tezi dume anaweza kushindwa kukojoa. Nilishapata mzee mmoja alikuwa anakunywa Piriton wiki ya pili anasema tezi imezidi, kumbe ni dawa. Setirizini nayo inasinzisha baadhi ya watu, wachache, ukijiona hivo kunywa usiku au chukua loratadini ambayo haisinzishi sana kama setirizini.

Piriton inashinda wapi basi? Bei, na kupatikana, hata duka la dawa muhimu la kijijini inakuwepo. Na kwa mtu anayejikuna usiku hajalala, kale kausingizi kanasaidia siku mbili tatu. Promethazini ni ndugu yao na inasinzisha zaidi, mtoto chini ya miaka miwili asipewe kabisa, inaweza kumzimisha pumzi, na naomba hili mama zangu mlishike, maana kuna watu wanawapa watoto wachanga ili walale.

Antihistamini na predi

Predi, prednisoloni, watu wanaiheshimu sana wakidhani ni Piriton yenye nguvu. Sio ya ukoo ule, ni steroidi. Yenyewe inaingia ndani ya seli mpaka kwenye kiini, inabadilisha maagizo. Inaongeza protini inayoitwa aneksini A1 inayotuliza fosfolipesi A2, na inapunguza oda za saitokini. Kwa hiyo inakata wimbi la pili kidogo na wimbi la tatu sana. Shida ni muda, kubadilisha maagizo na kusubiri protini zitengenezwe ni masaa, manne, sita. Magunia yaliyokwisha kumwagwa haiyajui.

Weka pembeni kwa pembeni uone. Vipele vya ghafla baada ya kula kitu, setirizini inakuwahi, predi imechelewa. Pumu iliyobana toka jana na pampu haitoshi, predi ndo yenyewe siku tano kwa maelekezo ya daktari, na setirizini hapo haina maana. Kwa mtu aliyezidiwa mwili mzima, predi au hidrokotisoni hospitalini wanaweza kuongeza, lakini haichukui nafasi ya adrenalini hata kidogo.

Na gharama ya predi ni mwili wako. Sukari inapanda, presha inapanda, tumbo linauma, uso unajaa. Mwenye kisukari asiinywe kwa kuambiwa na jirani. Ukiwa umeinywa wiki nyingi usiache ghafla, tezi zako zimeshazoea kupewa zimeacha kutengeneza za kwao. Kuna mtu ananiuzia wazo kwamba kila akiwashwa apewe predi mbili na dexa moja, steroidi ingine, nakataa, akinuna anune.

Adrenalini

Hii haifananishwi na zingine, inabidi iwe juu. Ni sindano, na ukiniuliza kati ya dawa zote za mzio ipi naichagua ikiwa naruhusiwa moja tu ghalani, ni hii.

Adrenalini inakaa kwenye vipokezi vya beta 2, hivo vinaamsha kimeng'enya kinachoitwa adenili saiklesi, kinatengeneza AMP mviringo, mjumbe wa ndani ya seli, na AMP mviringo inaamsha kinesi A. Unaona, hii nayo ni kinesi, inagonga mihuri, lakini mihuri yake kwenye misuli ya njia za hewa inasema legea, na kwenye seli masti inasema acha kumwaga. Wakati huohuo kwenye mishipa ya damu adrenalini inakaa kwenye vipokezi vya alfa 1, na huko inatumia fosfolipesi C, ndugu wa ileile iliyofungua ghala, kubana mishipa ili presha irudi na uvimbe wa koo upungue. Mimi hapa ndo nilipopenda hii somo. Kimeng'enya cha aina moja, kwenye seli moja kinaleta maafa na kwenye seli ya jirani kinaokoa, inategemea nani kakiamsha na wapi.

Kwa hiyo adrenalini ndo pekee kati ya hizi inayofanya yote kwa pamoja ndani ya dakika, njia ya hewa, presha, uvimbe, na magunia yasiendelee kumwagwa. Inachomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 0.5 kwa mtu mzima, na kama hajapata nafuu inarudiwa baada ya dakika tano mpaka kumi na tano. Hii ni kazi ya mtu wa afya. Zile kalamu za kujichoma kama EpiPen mimi sijawahi kuzikuta kwenye maduka niliyofanya kazi, kwa hiyo kwetu adrenalini maana yake ni kufika kituo.

Dalili za kukimbia ni hizi. Ngozi pamoja na kifua, yani vipele na kukohoa au kubanwa. Ngozi pamoja na tumbo, kutapika mara kwa mara. Sauti kubadilika, ulimi kuvimba, kizunguzungu, kuzimia. Mlaze mgonjwa miguu juu, kama anashindwa kupumua akae, usimsimamishe wala kumtembeza. Na usipite zahanati au kituo cha afya cha karibu kwa sababu unataka hospitali ya mkoa ya Ligula au ile hospitali ya kanda ya Mitengo, au Ndanda, au Nyangao kama uko upande ule wa Lindi, anza pale pa kwanza penye adrenalini, hizo kubwa atapelekwa akishachomwa. Na akipata nafuu asirudishwe nyumbani palepale, kwa sababu ya lile wimbi la tatu, wanamuangalia masaa kadhaa.

Mla jodari

Huyu anakuja dukani anasema nina aleji na samaki siku hizi, zamani nilikuwa nakula. Muulize walikula wangapi. Akisema watu wanne na watatu wamekuwa wekundu, hiyo sio aleji. Jodari, vibua na samaki wa jamii yao nyama yao ina histidini nyingi, samaki akikaa juani bila barafu bakteria wanazaana, na bakteria wale wana kimeng'enya chao kinachogeuza histidini kuwa histamini. Mtu anakula histamini iliyokwisha tengenezwa. Seli zake masti zimelala, Lyn kalala, Syk kalala, IgE haihusiki. Kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi, nazi haiiondoi.

Na huyu ndo mtu ambaye Piriton au setirizini inamfaa kuliko wote niliowataja, maana tatizo lake lote ni histamini peke yake na dawa iko palepale kwenye kipokezi. Mwili wenyewe nao una vimeng'enya vya kuivunja, kwa hiyo baada ya masaa anapona. Akibanwa kifua apelekwe kama mwingine yeyote. Ila asiambiwe maisha yake yote asile samaki. Mtu wa pwani kumnyima samaki kwa kosa la barafu ni kumuonea.

Kamba na kaa ni habari ingine, hapo mara nyingi ni aleji ya kweli ya IgE, protini yake inaitwa tropomayosini na inavumilia moto. Aliyedhurika na kamba asijaribu kambakochi akidhani ni kitu kingine.

Mbanguaji

Mikono imebabuka, inawasha, ina malengelenge, imeanza siku ya pili au ya tatu baada ya kazi. Mafuta ya ganda la korosho yenyewe yanaunguza moja kwa moja, hiyo kila mtu. Lakini kuna watu ambao safari hii kidogo tu kimewagusa na mkono mzima umewaka, hao ni mzio, isipokuwa sio wa seli masti. Ni seli T, aina ya seli nyeupe za damu. Hamna IgE hapo. Seli T zina makarani wao, Lck anagonga kwanza halafu ZAP-70, na ZAP-70 ni ndugu wa damu wa Syk, kimeng'enya cha familia ileile kwenye ghala lingine. Kwa sababu seli T zinabidi zifike, ziongezeke, zitoe saitokini, inachukua siku moja mpaka tatu.

Kwa hiyo Piriton kwa mbanguaji inamsaidia kulala tu, histamini sio mkosaji mkuu. Kinachomfaa ni krimu ya steroidi, betamethasoni mikononi kwa siku chache, sio usoni, na kuacha kugusa. Ukiwa na malengelenge makubwa au usoni kumevimba nenda kwa daktari, hapo ndo predi ya kunywa inaweza kuingia. Kinga yake ni glavu, na wale kina mama wanaojipaka mafuta au majivu mikononi kabla ya kubangua hawakosei, wanaweka kitu kati ya ngozi na ganda. Na embe ni ndugu wa mkorosho, ukoo mmoja wa mimea, kwa hiyo mbanguaji mwenye mzio huu asishangae midomo ikibabuka akimenya embe kwa meno, tatizo ni ganda na utomvu, amenyewe ale nyama ya ndani.

Tofautisha na mtoto wa kashata. Yeye anadhurika na kokwa yenyewe, protini, na kukaanga hakumsaidii. Mwenye aleji ya kokwa ya korosho aogope na pistashio pia, wanafanana mno.

Wa pumu na salfa

Mikorosho ikitoa maua watu wanapuliza salfa kwa ajili ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na wenye pumu wanabanwa. Vumbi la salfa linakera njia ya hewa moja kwa moja, sio lazima IgE ihusike. Setirizini hapa usihangaike nayo. Pampu ya salbutamoli ndo ya haraka, inapita njia ileile ya beta 2 na adenili saiklesi, kwa hiyo ni kama nusu ya adrenalini, ile nusu ya kifua, presha iliyoshuka haiipandishi. Aminofilini inafika mahali palepale kwa njia ya nyuma, inazuia kimeng'enya kinachovunja AMP mviringo, fosfodiesterasi, lakini nafasi kati ya dozi ya kuponya na dozi ya kudhuru ni ndogo, na ukinywa na siprofloksasini au erithromaisini inapanda kwenye damu. Kama pampu ipo, chagua pampu.

Montelukasti inazuia kipokezi cha lukotrini, inafaa baadhi ya watu wa pumu na mafua ya mzio, ni ya kunywa kila siku sio ya dharura. Marekani mwaka 2020 mamlaka yao ya dawa iliiwekea onyo kali kwa sababu ya ndoto mbaya, huzuni, mawazo ya kujidhuru, kwa hiyo mtoto akibadilika tabia usiseme ni balehe.

Na hili la mwisho kwa watu wa pumu, maumivu. Diklofenaki, aspirini, ibuprofeni zote zinafunga COX. Kumbuka zile njia mbili za asidi ya arakidoniki, ukifunga moja mzigo unaelemea ingine, ya lukotrini. Kuna wenye pumu ambao kidonge kimoja cha mgongo kinawabana mpaka hospitali. Paracetamoli ya kawaida inawafaa zaidi. Nauliza kila anayenunua diklofenaki, una pumu? Wengine wanachoka na maswali yangu.

Kuna dawa zinazopigana na makarani wenyewe au mlango wao. Omalizumabu inashika IgE kabla haijakaa kwenye seli, Marekani iliidhinishwa 2003 kwa pumu na 2024 kwa aleji za vyakula, ni sindano za gharama. Remibrutinibu inazuia BTK, imeidhinishwa huko 2025 kwa vipele sugu visivyo na sababu inayojulikana. Ya kuzuia Syk ipo inaitwa fostamatinibu, toka 2018, lakini kibali chake ni cha ugonjwa wa chembe sahani za damu na sio mzio, maana Syk anafanya kazi kwenye seli nyingi sana, ukimfunga mikono unagusa ghala nyingi kwa pamoja. Mimi sina hata moja ya hizi kwenye shelfu na sidhani kama mama wa Nanyamba anazihitaji leo, anahitaji zahanati yake iwe na adrenalini haijapita muda.

Mtoto wetu sasa ana miaka minane. Setirizini ipo kwenye kabati la dada kwa ajili ya vipele vidogo, na kwenye begi la shule kuna karatasi nimeiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: korosho hapana, kashata hapana, akikohoa au akitapika baada ya kula msimpe kidonge mkakaa kusubiri, apelekwe kituo cha afya achomwe adrenalini. Nyuma yake kuna namba ya shemeji na ya bajaji anayepaki pale karibu na shule. Mwalimu wake kaipiga picha, kasema anaipeleka na kwenye darasa la pili maana huko kuna mtoto wa kamba.